Mali ya Umma Haitukanwi

Kila asubuhi, akishaswali na kabla hajanywa chai, Bi Nyamizi binti Jilala alikwenda uani kuitukana mibamia yake. Hakuwa mwendawazimu. Nilipanga chumba kwake hapa Ng'ambo ya Tabora kwa miaka mingi, chumba ambacho dirisha lake linatazama bustani, na matusi yale niliyasikia yote, niyatake nisiyatake. Ninashuhudia kwamba yalitolewa na mtu mwenye akili timamu.

"Mwangaluka, wavivu," aliiamkia kwa Kinyamwezi. "Mmejinyoosha mnangoja kuandikiwa chai. Maji yangu mmekunywa, samadi yangu mmekula, mnachonionyesha ni maua. Nani kawaambia nataka maua? Ninyi ni mabibi harusi?"

Kisha aliinama akapalilia, taratibu, kwa vidole, kama mtu anayemtoa mtoto chawa.

Yeye alishikilia kwamba mmea ukibembelezwa unavimba kichwa, unatoa majani matupu. Ukisemwa unaona haya, unazaa. Watoto wake aliwalea hivyo hivyo, na wote walikuwa wameondoka nyumbani wakiwa na kazi zao na ndoa zao, mmoja Morogoro kwenye reli, mmoja Kigoma, kwa hiyo hakuna aliyeweza kubishana naye. Lakini alikuwa na mpaka. Mbamia wa mtu mwingine hakuutukana hata siku moja. Alisema huo ni utovu wa adabu, mtu anatukana cha kwake.

Bustani ile aliipata kwa mikono yake. Mumewe, fundi cherehani, alipofariki alimwachia nyumba ya udongo na nyuma yake jalala ambalo mtaa mzima ulikuwa ukitupia majivu na mifupa. Bi Nyamizi alilichimba jalala lile mpaka likawa matuta: mchicha, matembele, kunde ambazo majani yake hukaushwa kuwa nsansa, mgagani, nyanya chungu, na mibamia mbele kabisa karibu na kisima, mahali pa heshima. Mboga yoyote iliyomshinda mtu, aliiotesha. Na kila alichokiotesha alikifanyia somo, na mwanafunzi nilikuwa mimi, maana mwenzangu, mume wangu, alikuwa anashinda stesheni kazini na mimi sikuwa na pa kukimbilia. Nilifundishwa kwamba mboga isimwagiliwe na mtu aliyenuna, ataizamisha. Nilifundishwa kwamba mboga ya maboga ikitambaa ikavuka ua, inafuatwa kwa jirani, inashikwa kwa adabu, inarudishwa kwao na jirani anaombwa radhi. Nilimwona akifanya hivyo. Jirani naye akasema hapana neno, haikuvunja kitu.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu na hasira za karibu. Nilidhani nimepanga chumba kwa kichekesho.

Sasa, mtu wa pili katika habari hii ni Shomari Mabruki. Huyu alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, aliletwa Tabora na reli, reli ikamwacha, akabaki kuwa seremala wa vitanda nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mkewe alikufa zamani, mtoto hakujaliwa, na ndugu zake wote walikuwa huko Uzaramo, mwendo wa treni wa kutwa kucha. Alikuwa pia balozi wetu wa nyumba kumi, kazi aliyopewa kwa sababu alikuwa na benchi refu ambalo watu wangeweza kulikalia wakati wa mkutano. Na juu ya yote hayo alikuwa mtani wa Bi Nyamizi.

Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, wazee wetu walipokuwa wakipita Uzaramo na meno ya tembo mabegani kwenda pwani. Waligombana, wakachoka, wakaanza kucheka. Tangu hapo mtani anaingia kwako bila hodi, anachukua anachokitaka, anakutusi wewe na waliokuzaa, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Akifiwa unakwenda kumcheka mpaka machozi yamkauke. Ukikasirika umeshindwa, na ukishindwa mara moja umeshindwa wewe na ukoo wako.

Shomari alikuwa anaingia uani jioni, anang'oa fungu la mchicha huku Bi Nyamizi anamtazama. "Nimefuata kodi ya njia," anasema. "Babu zako walipita kwetu hawakulipa."

"Babu zako walituuzia maji ya kisima cha watu wengine," Bi Nyamizi anamjibu. "Na wewe ukishamaliza kuiba, ndoo ile pale. Mwagilia."

Naye alimwagilia bustani yote mpaka giza. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kila siku ya Mungu. Mwaka mmoja mlimau wa pale kisimani ulipogoma kuzaa, Bi Nyamizi aliusimamia na panga akitangaza kwamba anaukata, na Shomari aliitwa aje kuutetea. Alipiga magoti mbele ya mlimau, akamshika Bi Nyamizi gauni, akaapa kwamba anaujua mti huu, ni wa ukoo mzuri, umeponzwa tu na kukaa karibu na Mnyamwezi, upewe nafasi moja tu. Bi Nyamizi akasamehe kwa shingo upande. Mwaka uliofuata mlimau ukazaa. Mimi nilisema ni mvua, wakanitazama wote wawili kwa huruma.

Basi ukaja mwaka ule wa ukame, mwaka wa Kilimo cha Kufa na Kupona, tulipokuwa tunapanga foleni kununua unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano. Amri ilitoka kwamba kila nyumba kumi ziwe na shamba lao la ujamaa, na katibu wa kata yetu, kijana aliyeitwa Silasi, akaanza kupita mitaa kwa baiskeli kuyatafuta mashamba hayo. Silasi alitoka milima ya kaskazini, mpole, mwaminifu, na suti yake ya kaunda ilikuwa imepigwa pasi mpaka inakaribia kusimama bila yeye. Aliamini kila neno aliloambiwa. Sijui walimlea wapi.

Shomari alikuwa na shida. Nyumba zetu zimegusana, kuta kwa kuta, na kipande pekee cha ardhi katika nyumba zake kumi kilikuwa bustani ya Bi Nyamizi. Hakutaka kuichukua. Kwa hiyo akafanya hesabu yake ya kiseremala: atamleta Silasi uani, ataidai bustani mbele yake, Bi Nyamizi atawatoa mbio kwa panga, na yeye atamgeukia Silasi na kusema, umeona mwenyewe, ndugu, tutafute kwingine. Hakumwonya Bi Nyamizi. Aliona hakuna haja. Mwanamke huyu amemtukana kila siku kwa miaka yote hiyo, leo ataacha kwa nini?

Nilikuwa dirishani wakiingia. Shomari alikohoa, akanyoosha mgongo, akasema kwa sauti ya mkutanoni, "Mama Nyamizi, kwa niaba ya nyumba kumi nimekuja kuichukua bustani hii iwe ya wote. Unasemaje?"

Bi Nyamizi alimtazama usoni, akamwona hajacheka. Akamtazama mgeni na suti yake. Akaona kwamba Shomari leo amejipita, ameleta mpaka shahidi mwenye kaunda, utani mkubwa kuliko wote aliowahi kufanyiwa. Na mtani hakataliwi. Mtani anapitwa.

"Bustani tu?" alisema. "Mbona unaniomba kidogo hivyo? Chukua na kisima. Chukua na jogoo, amechoka kuwa bepari. Chukua na mimi mwenyewe, nimekaa mjane bure, Chama kinipangie pa kulala. Ingia, ndugu katibu, ingia uchukue. Mimi nilikuwa nawangoja tu, nasema mbona hawaji?"

Silasi hakucheka. Macho yalimlowa. Alimshika Bi Nyamizi mkono kwa mikono yake miwili na kusema kwamba katika kata nzima hajapata kuona moyo kama huu, kwamba watu wanaficha mpaka majembe, na yeye mama mjane anatoa hata jogoo. Akapanda baiskeli akaondoka, nadhani akilia njiani.

Watani wakabaki wamesimama.

"Umemaliza?" Bi Nyamizi aliuliza.

"Nimemaliza," Shomari alisema. "Na wewe?"

"Na mimi nimemaliza."

Kila mmoja alikuwa anangoja mwenzake aseme neno linalofuata, na neno linalofuata halikuwapo. Shomari akaondoka bila kuchukua mchicha.

Jumamosi Silasi aliitisha mkutano, akapanda juu ya lile benchi na spika ya mkono, akamtangaza Bi Nyamizi kuwa mfano wa kuigwa. Watu wakapiga makofi. Nilimtazama Bi Nyamizi, akawa anamtazama Shomari, na Shomari alikuwa anavichunguza viatu vyake. Nilielewa hapo hapo walivyonasa. Bi Nyamizi akisema "nilikuwa natania, rudisheni," amekubali mbele ya mtaa kwamba Mzaramo kamweza na kwamba utani umemuuma. Shomari akisema "na mimi nilikuwa natania," amekiri kwamba ameifanyia masihara amri ya kilimo katika mwaka wa njaa. Nilifungua mdomo niseme mimi, mwenzangu akanifinya paja. Mpaka leo ninamlaumu.

Basi bustani ikawa ya ujamaa. Siku ya kwanza ilipata mwenyekiti, katibu, mweka hazina ambaye hakuwa na hazina, na kamati. Mimi niliwekwa kamati ya maji. Mzee Ebrahim, mwenye duka la vitambaa pale kona, ambaye tangu azaliwe hajashika jembe, aliwekwa kamati ya ndege. Akaleta kiti na mwavuli, akakaa katikati ya matuta kutwa nzima akipiga makofi kila shore alipotua. Duka akamwachia mkewe Kherunisa. Ninasema bila kumtania, yeye peke yake alifanya kazi aliyopewa.

Sisi wengine tulifanya mikutano. Ilibidi kumwagilia kuanze na mkutano ili maji yagawanywe kwa haki kati ya mchicha na matembele. Mkutano ulianza alfajiri. Katibu wa bustani alisoma yaliyojadiliwa jana, mtu alipinga, mwingine aliunga mkono, na tulipofika kwenye azimio jua lilikuwa utosini, na kila mtu anajua mboga haimwagiliwi jua la utosini. Kwa hiyo tuliahirisha. Ndoo zilikaa zimejaa maji mpaka jioni, kuku wakawa wanakunywa.

Bi Nyamizi alivumilia yote. Lakini asubuhi moja Silasi alifika mapema, akaegesha baiskeli, na akasikia kitu ambacho hakuwahi kukisikia maishani. Mwanachama mfano wa kuigwa alikuwa ameinama juu ya mibamia akiiambia kwamba baba yao alikuwa gugu na mama yao hajulikani.

"Mama," alisema kwa upole, kwa sababu alikuwa mpole kweli, "hii sasa ni mali ya umma. Mali ya umma haitukanwi."

Jambo likapelekwa kwenye kikao. Kikao kikaafiki, mmoja hakupiga kura, naye ni mimi. Bi Nyamizi alipoulizwa kama ana la kusema alisimama akajifuta udongo mikononi. "Ni kweli," alisema. "Si yangu." Akakaa.

Kuanzia siku ile hakuitukana tena. Alipita kando ya tuta akasema, "Hamjambo, ndugu," akaendelea na safari yake ya kisimani. Ilinitia baridi. Na jioni ile Shomari alipoingia bila hodi, akijilazimisha, akang'oa fungu la mchicha na kusema maneno yake ya kodi ya njia, Bi Nyamizi aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, Ndugu Balozi," alisema.

Bi Nyamizi alikuwa amemzidi Shomari miaka ya kutosha kumbeba mgongoni. Shomari alisimama na mchicha mkononi, mizizi inadondosha udongo kwenye viatu. Ungedhani ametemewa mate.

Ikawa hivyo kila siku. Shikamoo asubuhi, shikamoo jioni, kiti kinafutwa vumbi, chai inaletwa na sinia, Ndugu Balozi karibu, Ndugu Balozi pole na kazi za taifa. Shomari alijaribu kila kitu. Alimwita punda wa Waarabu, akajibiwa ahsante. Aliiba jogoo mzima mchana kweupe, Bi Nyamizi akamsindikiza mpaka mlangoni amfungulie mlango. Jogoo alimrudisha mwenyewe kesho yake, hajamchinja, macho yake chini. Aliacha kupiga randa. Mtu aliyeagiza kitanda cha harusi aliletewa kitanda chenye miguu mitatu.

Mibamia nayo ikagoma. Silasi alihangaika, akasoma kijitabu, akaona labda inahitaji hamasa. Akaleta kwaya ya kata. Asubuhi mbili kwa wiki akina mama waliovaa sare walisimama mbele ya tuta wakaiimbia mibamia juu ya jembe na uhuru, sauti tatu, na mibamia ikarefuka, ikatoa majani mapana ya kufunikia sufuria, na bamia hata ya dawa haikuonekana. Nilikumbuka lile somo la kuvimba kichwa. Nikasema moyoni ni ukame, lakini sikuwa na uhakika kama zamani.

Siku moja adhuhuri Shomari alikuja dirishani kwangu. Alikuwa amekonda.

"Batuli mwanangu," alisema, "yule mama ananiua."

"Anakupa heshima, baba."

"Ndiyo inayoniua. Hebu nitazame. Mimi hapa sina kaka, sina mtoto, sina shangazi. Nikifa leo mtanifanyia nini? Mtakuja na dua zenu, mtaniita marehemu mpendwa wetu, mtasema alikuwa mtu mzuri. Nani atasimama mlangoni anicheke? Nani atasema Shomari alikuwa mwizi wa mchicha? Nitazikwa kama mtu aliyeokotwa njiani."

Nilimwambia aende akamwombe radhi, yaishe.

"Mtani haombwi radhi," alisema. "Nikimwomba radhi nimekubali kwamba niliichukua bustani yake kwelikweli. Hapo ndipo hatanitukana milele."

Nilimwonea huruma mpaka nikamkasirikia. Watu wazima wawili, nyumba ya kwanza na nyumba ya tatu, wamefungwa na kamba ambayo mimi nisingeweza hata kumwonyesha Silasi ilipo.

Ugeni wa mkoa ukatangazwa. Wangekuja kuitazama bustani ya mfano. Silasi alipaka chokaa kwenye mawe ya kando ya matuta, akapaka na shina la mlimau, akampa Bi Nyamizi hotuba fupi ya kukariri. Mzee Ebrahim alivaa koti.

Asubuhi ya ugeni Shomari alikuja amevaa kanzu nyeupe iliyonyooshwa. Tulidhani ni kwa ajili ya wageni. Alipita katikati yetu, akafika kwenye tuta la mibamia, akalala chali kati ya mistari miwili, akanyoosha miguu na kufumba macho.

"Bustani imekufa," alitangaza akiwa huko chini. "Mimi ni mtani wa marehemu. Siinuki mpaka mfiwa aseme neno."

Sisi tuliozaliwa huku tulielewa. Msibani mtani hulala hata kaburini, akagoma kutoka. Silasi hakuelewa chochote, alimzunguka akimnong'oneza, "Ndugu Balozi, tafadhali, Ndugu Balozi." Bi Nyamizi alitoka jikoni na sinia la vikombe, akamtazama.

"Shikamoo, Ndugu Balozi," alisema. "Huko chini kuna umande." Akapita.

Shomari alizidi kufumba macho. Hakuinuka.

Wageni wakafika hapo hapo. Aliyewaongoza alikuwa mama mnene mwenye miwani, aliyechoka na safari za kutazama mashamba. Alisimama mbele ya ile kanzu.

"Huyu ni nani?"

"Ni balozi," Silasi alisema.

"Ana nini?"

Mzee Ebrahim, ambaye hakutaka kuacha kiti chake cha kamati, alisaidia kwa mbali. "Amekufa kidogo," alisema.

Silasi akachagua kuendelea na ratiba. Aliwatembeza wageni kwenye mchicha, akawatembeza kwenye matembele, na walipofika kwenye mibamia akaieleza huku akimruka Shomari kwa hatua ndefu. Kisha akamwita mama aliyeitoa bustani hii kwa hiari, kwa moyo wake wote, aseme machache.

Bi Nyamizi alisimama mbele ya tuta. "Ndugu viongozi," alianza. Sisimizi alikuwa anapanda shavu la Shomari kuelekea sikioni, na Shomari hakumfukuza. Bi Nyamizi alimtazama yule sisimizi mpaka akaingia sikioni. Hotuba ikamtoka kichwani.

"Wewe Mzaramo," alisema, na sauti ilitoka na kutu. "Hata kufa hujui. Maiti gani huyu kalala chali kama kashiba pilau? Maiti wa Kiislamu analala ubavu, anaelekea kibla. Wewe umeelekea choo changu. Ulikwenda madrasa gani, ya mbuzi?"

"Ongeza," Shomari alisema bila kufumbua macho.

"Usinifundishe. Kichwa nazi, na tui limeshakamuliwa. Nilikupa bustani uikatae, ukaichukua. Uliona wapi Mnyamwezi akagawa shamba lake huku anacheka? Miaka yote hii nimekutukana na bado hunijui? Mwizi mzima huna akili ya kujua hiki nimepewa na hiki naibiwa." Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. "Matusi ya kukupa wewe yamenikaa kifuani, yananichoma, sina pa kuyaweka. Usiku nayageuza, mchana nayameza. Mibamia mmeniwekea kwaya. Wewe nimekuwekea shikamoo. Nibaki na nani? Inuka hapo, unanivunjia mche, mjukuu wa muuza maji."

Shomari aliinuka na udongo mgongoni kote, anacheka na kulia kwa pamoja. "Kumbe upo," alisema. "Nilidhani wamekubeba na mizigo, maana kwenu mtu akiona mzigo anajitwisha." Yakaendelea hapo, yeye anasema na huyu anajibu, mpaka mambo ambayo siwezi kuyaandika, na watu wa nyumba kumi wakawa wanashikana mabega kwa kicheko, mwenzangu na ukali wake wote akakaa chini.

Silasi alikuwa amekuwa mweupe kama mawe yake. Mwanachama wa mfano amemwita kiongozi wa Chama kichwa nazi mbele ya mkoa. Yule mama wa miwani aliuliza mmoja ni kabila gani na mwingine ni kabila gani. Akaambiwa.

"Aa," alisema, akachukua kikombe cha chai kwenye sinia, akaketi ukingoni mwa kisima akasikiliza mpaka mwisho. Alipomaliza chai aliagiza bustani ya mfano ihamishiwe nyumba kumi nyingine, kule relini. Na Shomari akavuliwa ubalozi siku ile ile kwa kosa la kulala mbele ya ugeni. Ubalozi akapewa Mzee Ebrahim, kwa kuwa ndiye pekee aliyekutwa kazini.

Bustani haikurudishwa rasmi. Mkutano wa kuirudisha uliitishwa lakini hakuja mtu. Kamati hazikuvunjwa, na nafikiri mpaka sasa mimi ni kamati ya maji. Asubuhi iliyofuata nilisikia dirishani, "Mwangaluka, waimba kwaya," nikavuta shuka nikacheka. Msimu ule mvua ilinyesha, na mibamia ikazaa mpaka tukagawa mtaani. Sikusema ni mvua.

Nilimuuliza siku moja, tukichambua nsansa, kwa nini hakumtukana Shomari tangu siku ya kwanza akajipunguzia adhabu.

"Mwanangu," alisema, "kitu nikikisema, bado nakidai kuwa changu. Nilipomwamkia nilikuwa nimeshamtoa. Nilitaka kujua kama nitaweza." Akatikisa ungo. "Sikuweza."

Shomari alikufa mwaka wa vita vya Kagera, kwa kifua, asubuhi, amekaa kwenye benchi lake. Ndugu wa Kisarawe wasingewahi, kwa hiyo alizikwa na sisi. Alipokwisha kuoshwa na kukafiniwa, wanaume wakanyanyua jeneza la msikiti, na Bi Nyamizi, aliyekuwa amezeeka, anatembea kwa fimbo, akaja akasimama mlangoni akaziba njia kwa mikono miwili.

"Huyu hatoki," alisema. "Mwizi wa mchicha huyu. Anakimbia bila kumwagilia." Watu wakaanza kucheka. Akamsema kwa kitanda cha miguu mitatu, akamsema kwa kupiga magoti mbele ya mlimau, akamsema kwa siku aliyokufa kidogo, na waliobeba jeneza walikuwa wanatikisika mpaka ikabidi wengine wawasaidie. Mzee Ebrahim alikuwa amejifunika uso kwa kofia. "Ng'ambo nzima inalala juu ya vitanda vyako," alimalizia, "na wewe seremala unatoka na jeneza la kuazima. Huna hata haya."

Kicheko kikapita. Bi Nyamizi hakushusha mikono. Alikuwa ameinua kidevu na kuinamisha sikio kidogo upande wa jeneza, kama alivyokuwa akifanya siku zote akishamaliza zamu yake ya kumtukana. Nilitaka mtu aseme kitu, mtu yeyote, na hakuna aliyejua aseme nini. Alisikiliza kwa muda mrefu. Kisha akashusha mikono na kusogea pembeni, na jeneza likapita.